Nguzo Mbili za Mgunga

Pale kijijini Zuzu, katika nchi ya Wagogo, hapakuwa na mwanamke aliyesifiwa kwa uangalifu kama Dorkasi, mke wa Matonya. Chungu chake hakikuungua, mtoto wake hakuonekana na tongotongo machoni, na ua wake ulikuwa umefagiwa kabla jua halijachomoza. Alibatizwa utotoni kule Mvumi, misheni, akajifunza kusoma kidogo, kisha akaolewa na mtu asiyebatizwa. Hata hivyo wazee wa ukoo wa mumewe, ambao hawakuipenda misheni, walikuwa wakisema, "Huyu tuliyempata ni mtu." Ndiyo maana lile alilolifanya lilimkaa vibaya. Mzembe akikosea, watu hutikisa vichwa wakapita. Yeye hakuna aliyemdhania.

Kilikuwa kiangazi cha pili tangu reli ya Wadachi, wale Wajerumani, ipite Dodoma. Miti yote ya karibu, migunga na mikambala, ilikuwa imekatwa na vibarua na kupangwa marundo kando ya reli, chakula cha gari la moshi, na ole wake mwanamke ambaye askari angemkuta akichomoa hata ufito mmoja katika marundo yale. Kwa hiyo wanawake wa Zuzu walitembea asubuhi nzima kutafuta kuni, wakarudi, wakatua mizigo, wakaanza safari ya maji.

Maji yalikuwa korongoni. Kila kiangazi mto hukauka juu, maji yakajificha chini ya mchanga, na watu wakayafuata kwa kuchimba. Kisima cha ukoo wa Matonya mwaka ule kilikuwa kimefika kina cha watu wawili waliosimama mmoja juu ya mabega ya mwenziwe. Mchanga ukiuchimba hurudi, kwa hiyo wanaume walikuwa wameuzuia kwa nguzo kumi na mbili za mgunga, na katikati ya nguzo wakasuka fito. Mtu mmoja hushuka chini kuchota, mwingine hupokea vibuyu juu.

Jioni moja Dorkasi alikuwa wa mwisho kisimani. Mtoto wake, Ruthu, alikuwa mgongoni, anachemka homa. Nyumbani hapakuwa na hata kijiti cha kuwashia moto, na Matonya alikuwa anarudi siku hiyo hiyo baada ya mwezi mzima wa kutumikia kodi yake kwenye tuta la reli. Mume hapokewi kwa jiko baridi. Dorkasi akatazama kisima. Upande wa machweo nguzo mbili zilikuwa zimelegea, kavu kabisa, zimebanana na nyingine kama wageni waliokosa nafasi. Zikaonekana kwake kuwa za ziada. Akaishika ya kwanza, ikatoka kwa wepisi kama jino la mtoto. Ya pili nayo ikatoka. Mchanga ukachururika kidogo, ukatulia. Akajiambia kwamba kesho alfajiri atakata nyingine na kuzirudishia kabla mtu hajashuka.

Usiku ule walikula ugali wa uwele na mlenda, na Matonya akausifu moto wa mgunga kwamba haupigi moshi.

Asubuhi homa ya Ruthu ikapanda. Mtoto aligeuza macho, akakakamaa, na Dorkasi akawa hana jingine ila kumkanda maji na kumwomba Mungu. Jua lilipofika juu, homa ikashuka, mtoto akanyonya. Hapo ndipo Dorkasi alipozikumbuka nguzo. Alikuwa bado anainuka, mkono mmoja ukutani, aliposikia kelele kutoka korongoni.

Aliyefukiwa alikuwa Nyemo, wifi yake.

Nyemo alikuwa dada yake Matonya, mdogo wake wa tumbo moja. Aliachika, akarudi kwao, na hakuona haya wala hasara. Alikuwa fundi wa muheme, ile ngoma ambayo wanawake wa Kigogo huibana katikati ya mapaja na kuipiga kwa mikono wakiwa wamesimama. Wakati wa mavuno watu walitoka mbali, hata Ipagala, kuja kumwona Nyemo anavyoipiga huku akimkonyeza mume wa mtu.

Siku ile mbele yake kisimani alikuwapo Sikudhani. Huyu alikuwa mjane wa Kirangi, Mwislamu kutoka Kondoa, aliyekuja na kambi ya reli kama mpishi, na kambi ilipohama yeye akabaki, akawa anafinyanga vyungu. Sikudhani alichungulia kisimani, akarudi nyuma.

"Usishuke, binti," alimwambia Nyemo. "Mchanga unatiririka. Kisima hiki leo kitamla mtu."

Nyemo alidhani mgeni anataka kumpita zamu. Akacheka. "Kikinila kitanitema. Mimi mchungu!" Akashuka.

Wanaume walimfukua kwa mikono na kwa vigae. Alikuwa hai, mchanga umemfika kifuani, lakini mguu wa kulia ulikuwa umebanwa na nguzo chini kabisa, na ulipotoka ulikuwa umevunjika pajani. Mfunga mifupa akaufunga kwa magome. Uliunga, ila uliunga mshazari. Nyemo akawa mtu wa kutembelea fimbo, na ngoma yake ikatundikwa ukutani ndani ya tembe, nyumba yao ya udongo, kwa maana mapaja yale hayakuweza kubana kitu tena.

Dorkasi ndiye aliyemuuguza. Alimwosha, alimgeuza, alimkamulia maziwa. Watu wakasema, "Mawifi gani hawa, kama waliozaliwa pamoja!" Na kila wakisema hivyo, yeye aliinama kutafuta kitu cha kufagia.

Siku ya kumi na mbili tangu Nyemo afukiwe, alikuwa amepiga magoti jikoni, anapuliza moto, moyo wake ulipoanza kumwenda mbio. Haukuanza polepole. Ulikurupuka kama mbuzi walionusa fisi. Vidole vikafa ganzi, jasho la baridi likamtoka mgongoni, na kuta za tembe zikaonekana kumwinamia. Alitaka kuita, sauti haikutoka. Akajua kwamba anakufa, na akajua pia ni kwa nini. Akalala ubavu penye majivu, akingojea.

Hakufa. Kwa muda wa kuchemsha maji ya uji, moyo ukapungua, ukarudi mahali pake. Akainuka, akajikung'uta majivu.

Baada ya siku tatu ugonjwa ule ukaja tena. Ukaja wanawake walipokuja kuazima ngoma ya Nyemo. Ukaja siku alipokanyaga mchanga wa korongo, hata akaacha kabisa kuchota pale na kuanza kwenda kisima cha mbali, nusu siku kwenda na kurudi. Mwisho ukawa unakuja bila kuitwa na chochote, na hata usipokuja, Dorkasi aliuogopa kama mtu anayesikiliza hatua za askari. Akakonda. Matonya akamwambia, "Mama Ruthu, unaisha mbele ya macho yangu."

Watu walikuwa na jibu tayari. Maneno ya Sikudhani yalikuwa yamezunguka kijiji chote: kisima hiki leo kitamla mtu. Nani ajuaye kwamba kisima kitamla mtu, kama si yeye aliyekituma? Na huyu mke wa Matonya anayeishiwa pumzi mchana kweupe, si kazi ya mkono ule ule? Mara ya kwanza Dorkasi aliposikia maneno hayo ilikuwa kwenye jiwe la kusagia, kwa jirani yake. Na kabla ya kuhisi jambo lingine lolote, alihisi nafuu. Mzigo ulikuwa umepata kichwa kingine. Nafuu hiyo ilidumu kitambo kama cha kupepesa jicho, lakini alikuwa ameihisi, na hakuweza kujisahaulisha. Hakusema, "Sivyo." Alisema, "Mungu ndiye ajuaye," akaendelea kusaga.

Siku moja alikuwa akirudi kutoka kile kisima cha mbali, kibuyu kichwani, moyo ulipomkamata katikati ya njia. Kibuyu kikaanguka, kikapasuka. Alichuchumaa, mikono kifuani, mdomo wazi, akivuta pumzi fupi fupi kama kuku mwenye kiu. Mtu akaja nyuma yake na kutua kikapu cha udongo na kibuyu cha maji. Alikuwa Sikudhani.

"Usisimame," Sikudhani alisema. "Usikimbie popote. Kaa. Weka viganja chini, ushike ardhi."

"Nakufa, mama."

"Hufi. Jana ulikufa?"

Dorkasi akatikisa kichwa.

"Basi ni ule ule wa jana. Sasa usivute pumzi sana, unajijaza upepo kama kiriba. Itoe. Vuta kidogo, kama unayenusa mboga. Sasa toa, polepole, kama unapoza uji wa mtoto. Polepole zaidi, utaumwaga. Tena."

Alikaa naye pale juani. Kila Dorkasi alipoharakisha, Sikudhani alimgonga kiganja na kusema, "Uji wa moto huo, mtoto ataungua." Kisha akamwuliza anaona nini. Kichuguu. Nini tena? Mbuzi mwekundu. Nini tena? Kibuyu kilichopasuka. Na moyo ukashuka, si kwa ghafla, ila kama mbio za mtu aliyeona kwamba hakuna anayemfukuza.

"Umeujuaje ugonjwa huu?" Dorkasi aliuliza alipoweza.

"Ulinishika nilipomzika mume wangu kule Mgunda Mkali, pori lisilo na maji. Alikuwa mpagazi, nami nilimfuata safari kumpikia. Kiu ilimwua. Baada ya hapo kila nilipoona kibuyu kitupu, moyo uliruka. Mwanamke mmoja wa Kinyamwezi akanifundisha hivi, njiani, mzigo kichwani." Akajifuta udongo mikononi. "Unakuja, unapanda, unashuka. Ukiukimbia unakukimbiza. Uache upite ukiwa umeketi. Ila mwanangu, kuna jambo umelibeba?"

"Hakuna."

"Haya. Pumzi itakutuliza. Lakini kama jambo lipo, litaurudisha."

Akamwekea kata kichwani, akampa na kibuyu chake mwenyewe, akashika njia yake. Dorkasi alikwenda nyumbani na kibuyu cha mtu aliyekuwa akimsingizia kwa kunyamaza, na maji yale hakuweza kuyanywa.

Dawa ile ilikuwa ya kweli. Moyo uliporuka, Dorkasi aliketi, akashika ardhi, akapoza uji. Haukuacha kuja, ila uliacha kumtupa chini. Ajabu ni kwamba sasa alikuwa na nafasi ya kufikiri, na alichokifikiri ni kimoja tu.

Matonya hakujua hayo. Alikuwa mtu mpole, asiyepiga mke wala mnyama, lakini alikuwa na dada kilema na mke anayekonda. Akaenda kwa mpiga ramli upande wa Makutupora, naye akaambiwa atafute mwanamke ashikaye udongo. Akarudi akamshitaki Sikudhani kwa jumbe, mkuu wa kijiji. Jumbe akapima: mwanamke hana mume, hana ukoo, hana mtu wa kumsemea. Akaamua ahame Zuzu siku hiyo hiyo, na akikaidi afungwe kamba apelekwe bomani Dodoma, Wadachi wafanye wapendavyo.

"Nakutoa katika mikono ya mchawi yule," Matonya alimwambia mkewe asubuhi ile, kwa upendo, akifunga kiuno. "Leo utapumua."

Dorkasi alimfuata. Walipofika kwa Sikudhani, vijana walikuwa wamekwisha kuvunja vyungu vitatu vilivyokuwa vimeanikwa. Sikudhani alisimama mlangoni mwa kibanda chake, mikono yote miwili imejaa udongo mbichi. Jumbe alikuwa ameketi juu ya kigoda. Nyemo naye aliletwa na fimbo yake, akakalishwa kwenye ngozi, kama ushahidi.

Moyo wa Dorkasi ukaruka. Mruko huu ulikuwa mkubwa kuliko yote. Miguu ilimwambia akimbie. Akaketi chini pale pale kati ya watu, akaweka viganja ardhini, akatoa pumzi. Mwanamke mmoja akapiga kelele, "Mtazameni, anamroga mbele yetu!" Akatoa ya pili. Akatoa ya tatu. Kisha akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo mpaka ikabidi watu wanyamaze.

"Nguzo nilizitoa mimi."

"Nguzo zipi?" jumbe akauliza.

"Za kisimani. Mbili, za upande wa machweo. Nilikosa kuni. Nilitaka kuzirudisha asubuhi, mtoto akaugua. Huyu mama hakuroga. Aliona mchanga, akaonya."

Matonya akamshika bega. "Jumbe, mke wangu anaumwa. Hajui anachosema. Ni uchawi wenyewe huo unaosema."

"Mlitia nguzo ngapi, baba Ruthu?" Dorkasi akamwuliza, bila kumtazama. "Mlipomfukua Nyemo, mlikuta ngapi?"

Wanaume waliofukua wakatazamana. Mmoja wao, Sila, akasema polepole kwamba kumi na mbili walizitia, na kumi walizikuta, na kwamba yeye siku ile alidhani mbili zimezama. Mkono wa Matonya ukaondoka begani mwa mkewe. Hakumpiga. Alitembea akaenda zake nyumbani, na ukapita mwezi mzima hajamwita jina.

Jumbe akaamuru Matonya ampe Sikudhani mbuzi kwa ajili ya vyungu na kwa ajili ya jina lake lililochafuliwa. Watu wakatawanyika mmoja mmoja, wakikwepa macho ya Sikudhani. Dorkasi alibaki. Akamwendea.

"Siku ile njiani," Sikudhani akauliza, "ulikuwa unajua?"

"Nilijua."

"Na nilipokuuliza kama kuna jambo?"

"Nilijua, mama."

Sikudhani akaokota kigae kimoja cha chungu chake. Kisha akaingia ndani, akavuta mlango.

Kwa Nyemo ilikuwa vigumu zaidi, maana kwa Nyemo hapakuwa na mlango. Walilala chini ya dari moja. Siku mbili Nyemo alikula akiwa amempa mgongo. Siku ya tatu, Dorkasi akimkanda mguu kwa maji ya moto kama kawaida, Nyemo akauliza:

"Nguzo zenyewe ulipikia nini?"

"Ugali. Na mlenda. Siku aliyorudi kaka yako."

"Nami nilikula?"

"Ulikula. Uliongeza."

Nyemo alicheka. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, halafu kicheko kikaisha machozi yakabaki. Dorkasi aliinamisha kichwa kwenye lile beseni la udongo, hakujua aendelee kukanda au aache.

"Sitasema nimekusamehe," Nyemo alisema mwishowe. "Mguu unauma kila asubuhi. Nikisema leo, kesho asubuhi nitakuwa mwongo. Lakini sitaki unikande tena na uso huo kama wa mtu anayeosha maiti. Na kile kisima cha mbali ukome. Maji yangu utayatoa kwenye kisima chetu. Utashuka wewe mwenyewe, chini kabisa. Nitakuwa juu napokea."

"Wifi, siwezi. Moyo utapasuka."

"Wangu haukupasuka," alisema Nyemo.

Walichimba kisima kipya, hatua ishirini kutoka kile cha zamani, na Matonya akapigilia nguzo kumi na nne, kimya. Siku ya kwanza Dorkasi alifika katikati, akapanda. Siku ya pili akafika chini, akapanda bila maji. Siku ya tatu moyo ulimshika akiwa chini kabisa, ukuta wa mchanga pande zote, anga juu ni duara dogo kama sahani. Akaketi kwenye matope. Akashika ardhi. Akatoa pumzi, akatoa tena, akahesabu nguzo zote kumi na nne kwa kuzigusa, kisha akazihesabu tena. Juu Nyemo alikuwa akigonga fimbo ukingoni.

"Mama Ruthu! Umekufa?"

"Bado."

"Basi leta maji."

Akaleta. Akawa analeta kila siku, mpaka mvua za kwanza zilipozijaza nyayo za ng'ombe na watu wakaacha korongo. Siku nyingine moyo haukuja kabisa. Siku nyingine ulikuja mara mbili. Matonya alianza kumwita tena kwa jina la mtoto, kwanza kwa mambo ya mifugo, baadaye kwa mambo mengine.

Baada ya mavuno Sikudhani alihama. Hakufukuzwa na mtu. Alisema tu kwamba anarudi Kondoa, kwamba udongo wa kwao ni mzuri zaidi. Asubuhi ya safari Dorkasi alikwenda bila kuitwa, akajitwika wavu wa vyungu, akamsindikiza. Walitembea asubuhi nzima bila kuzungumza, mmoja mbele, mmoja nyuma. Kwenye njia panda ya kaskazini Sikudhani alisimama, akaupokea mzigo wake, akauweka sawa kichwani.

"Bado unapuliza uji?" akauliza.

"Napuliza."

"Vyema."

Akaenda. Dorkasi alingoja kwamba labda atageuka, hata mara moja, lakini njia ikapinda na kichaka kikamficha. Kisha moyo ukaanza kumwenda mbio, pale pale peupe. Akaketi kando ya njia, akaweka viganja vyake chini kwenye vumbi jekundu, akangoja mpaka ukapita. Halafu akainuka, akakung'uta nguo, akashika njia ya nyumbani, kwa maana uwele ulikuwa uani na haujapurwa.